Barua kwa mwanangu: cheti kipi kwanza?

Mwanangu mpendwa,

Unaniuliza kama uiruke Security+, cheti cha kuanzia cha usalama wa kompyuta, uende moja kwa moja kwenye CISSP, cheti cha wazoefu, kwa kuwa ndiyo inayotajwa kwenye matangazo ya kazi zenye mshahara mnono.

Mtihani hutakatazwa kuufanya. Ila ISC2, shirika linalotoa CISSP, hawakupi cheti chenyewe mpaka uwe na miaka 5 ya kazi ya kulipwa katika angalau nyanja 2 kati ya 8 wanazotahini, na shahada yako ya kompyuta itakupunguzia mwaka 1 tu. Wewe una miezi minane kazini, na mingi umeimaliza ukiwabadilishia watu nywila walizosahau. (Usinune, hata mimi nilianzia hapo.)

Security+ haina sharti hilo. Maswali hayazidi 90, dakika ni 90, na ukipata 750 kwenye mizani inayoishia 900 umefaulu. Anza nayo, lakini usiikariri. Niliwahi kumsaili kijana mwenye vyeti viwili. Nikamuuliza kwa nini tumefunga poti (mlango wa mtandao) ya 23, inayotumiwa na Telnet, njia ya zamani ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali. Akajibu upesi, "Telnet si salama." Kwa nini si salama? Akatazama dari.

Kwa hiyo kabla hujalipia mtihani, tengeneza mashine pepe mbili, yaani kompyuta za kuigiza, ndani ya kompyuta yako, moja iwe seva ya Telnet. Washa Wireshark, programu ya kunasa data inayopita mtandaoni, ingia kwenye seva kutoka ile ya pili, halafu fungua mazungumzo uliyoyanasa. Jina lako utalikuta kila herufi imejirudia, maana seva hukurudishia unachoandika. Nywila hairudishwi, kwa hiyo imekaa pale mara moja, wazi, kila mwenye macho aisome. Siku nilipoiona yangu hivyo nilinyamaza kidogo, kisha nikaenda kuzima Telnet kwenye ruta zote nilizokabidhiwa. Rudia zoezi kwa SSH, njia kama Telnet ila huficha kinachopita, poti ya 22. Baada ya salamu za mwanzo utaona vurugu za herufi tu. Haya yote uyafanye kwenye mashine zako mwenyewe, si kwenye mtandao wa ofisi, tafadhali.

Hao wanaouza maswali ya mtihani yaliyoibwa waepuke. Ukibainika unanyang'anywa cheti.

CISSP tutaizungumza ukishakuwa na miaka yako. Na ukikwama kwenye kugawanya anwani za IP, nipigie jioni uwe na karatasi na kalamu, maana hilo siliwezi kwa barua.

Mama yako