Maji ya moto kuganda kwanza: mimi ningeyapoza

Dada wa Majengo, umeuliza kama kweli maji ya moto huganda haraka kuliko ya baridi, maana unauza barafu za ukwaju hapo Moshi na umeme unakula faida. Erasto Mpemba aliliona hilo mwaka 1963 akitengeneza aiskrimu, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, hapa Tanzania. Mwalimu na wenzake walimcheka bure, swali lake lilikuwa la haki kabisa! Mwaka 1969, akiwa anasoma chuo cha wanyamapori cha Mweka, hapo juu yako, akalichapisha pamoja na mwanafizikia Denis Osborne. Ila watafiti wa Uingereza walipopima upya, mwaka 2016, hawakupata ushahidi wa maana: kupandisha kipimajoto sentimita moja tu kulitosha kugeuza matokeo. Chemsha kwa usalama, yaache yapoe kabisa, ndipo uweke kwenye friza. Ya moto yatalegeza zile zilizokwisha kuganda.