Choo cha wageni cha kizamani: sinki na bakuli viache, badilisha vinavyovizunguka

Ndugu wa Kisumu uliyeuliza: nyumba ya wazazi kule Milimani, choo kidogo cha wageni kando ya sebule, sinki na bakuli vya pinki tangu miaka ya themanini, na fundi anakuambia ng'oa vyote uweke vyeupe. Unataka kujua kama kitapendeza bila kung'oa. Kitapendeza. Mimi niko Nakuru na kazi hiyo nimeifanya kwa mama, mtaa wa Section 58, ila vya mama ni kijani cha avokado. Alivinunua kwa pesa za pareto mwaka 1983, na nilipotaja tu kubadilisha alinijibu: paka rangi utakayo, lakini sinki langu utaling'oa nikishazikwa.

Basi sikuwa na hiari. Baadaye nikamshukuru, maana jirani yake aling'oa. Fundi alipokaza spana, bomba la chuma lililoliwa na kutu likakatikia ndani ya ukuta. Wakapasua vigae kulifuata. Choo kipya kilipokuja, tundu lake la kutolea uchafu halikukutana na lile la sakafuni, ikabidi wachimbe sakafu pia. Kazi ya wikendi moja ikala wiki tatu.

Anza na usafi, na usifanye haraka. Kauri ya zamani haichakai kirahisi. Kinachoitia uzee ni doa. Maji ya visima vya Nakuru yanajulikana kwa floridi (meno yetu ya kahawia ni ushahidi tosha), lakini ule ukoko mgumu kwenye mfereji na ndani ya bakuli ni chokaa. Wa mfereji unatoka kwa tishu iliyoloweshwa siki, ukiizungushia usiku mmoja. Wa bakuli niliusugua kwa jiwe jepesi la kusugulia kisigino, likiwa limelowa muda wote, kwa sababu likikauka linakwaruza. Usitumie stilwuli. Na usichanganye siki au asidi yoyote na dawa ya klorini, gesi itakayotoka itakutoa mbio. Kijana aliyenisaidia alimwaga asidi ya choo hadi sakafuni, na terazo ya mama, iliyokuwa inang'aa miaka arobaini, ikabaki na duara lililofifia kuzunguka bakuli. Terazo ni saruji na vipande vya mawe, asidi inaila. Nimeweka mkeka juu. Mama hajauliza, nami sijamwambia.

Kisha tangi. La mama ni lile la sifoni: ukishusha mpini, maji yanainuliwa kuvuka shingo, halafu yanajivuta yenyewe kuingia bakulini. Ndani ya sifoni kuna kipande cha plastiki laini kinachoyabeba. Kikipasuka, mgeni anapampu mpini mara nne huku sebule nzima inahesabu. Fundi atakwambia tangi limekufa. Funga koki, toa maji, fungua nati kubwa iliyo chini, chomoa sifoni, kata kipande kipya ukifuatisha umbo la kile cha zamani. Mimi nilikikata kwenye nailoni nzito ya kufunikia miche na huu ni mwaka wa pili kinafanya kazi. Kwa kuwa matangi haya hunywa maji mengi, nilitumbukiza pia chupa ya lita moja iliyojaa maji na kufungwa. Ya lita mbili niliijaribu, uchafu ukagoma kwenda.

Mifereji ya zamani usiitupe ikiwa ni shaba ya manjano. Ishike mkononi, ina uzito ambao hii ya siku hizi inayong'aa dukani haina. Inayodondoka mara nyingi inataka washa (kile kipete cha mpira cha ndani) ya nusu inchi tu.

Sasa rangi, na hapa ndipo nilipokosea mwenyewe. Nilipaka ukuta nyeupe pee nikidhani nitakipa chumba mwanga. Kijani cha mama kikageuka kama supu ya mboga iliyolala. Nyeupe kali ikikaa kando ya kauri ya rangi, jicho linalinganisha, na kauri inaonekana kama nguo iliyofuliwa pamoja na nyingine inayochuja. Nikarudia kwa wekundu wa chungu cha udongo, ukuta na dari pia, na lile bakuli likaonekana kama limechaguliwa jana. Kwa pinki yako ningejaribu kijani kizito cha majani ya kunde, au kahawia yenye maziwa kidogo. Usiogope giza, ni chumba cha kukaa dakika tano. Ila usiamini kadi ya rangi chini ya taa za dukani: nunua kopo dogo, paka kipande cha katoni, kisimamishe nyuma ya sinki, ukitazame usiku taa ikiwaka.

Na taa yenyewe ubadilishe. Ule mrija wa mwanga wa samawati unampa kila mtu sura ya mgonjwa. Tafuta balbu ya mwanga wa manjano, iliyoandikwa 2700K au 3000K kwenye boksi. Kioo cha mama kilikuwa kimeshika weusi kingoni kwa unyevu. Seremala alinitengenezea fremu pana ya saiprasi, weusi wote ukajificha chini yake.

Vigae vya krimu niliviacha, nikakwangua grauti (ile saruji ya kati ya vigae) ya zamani kidogo na kujaza mpya ya kijivu. Hiyo ni baada ya kupaka viwili rangi ya mafuta bila kuvipiga msasa. Kufikia Pasaka ilikuwa inabanduka kama ngozi ya kitunguu. Kwako Kisumu joto na unyevu wa ziwa vitakusumbua zaidi, kwa hiyo lile dirisha la luva usikubali lizibwe kwa kioo kizima. Kwangua kutu, paka fremu, liache lipumue.

Kikalio kipya niliweka cha mbao. Cha rangi inayofanana hutakipata, na cheupe kitakurudisha kwenye shida ileile ya ukuta. Pima umbali kati ya matundu mawili ya bolti kabla ya kwenda dukani. Bolti zikigoma, zikate kwa msumeno wa chuma na utandaze katoni chini ili kauri isikwaruzwe.

Yale manyoya ya kuvalisha kifuniko na tangi, toa. Mama aliyaachia baada ya mabishano ya siku mbili.

Kabla hujanunua hata brashi, kausha bakuli lote kwa nje, zungushia tishu kavu sehemu ya chini, flashi mara kadhaa, ngoja. Halafu pitisha kucha polepole ndani ya sinki na bakuli. Tishu ikilowa, huenda ni kiungo tu, na hicho kinarekebishika. Lakini kucha ikikwama kwenye ufa, hapo fundi wako ana haki, mwache ang'oe.