Cheo Kikiondoka, Unabaki Nani?

Chukua karatasi uandike sentensi kumi zinazoanza na "Mimi ni". Andika haraka, bila kutafuta majibu ya kumpendeza mchungaji: mwalimu, mama wa watoto watatu, mwanakwaya, mkopaji, mgonjwa wa sukari. Ukimaliza, rudi mstari kwa mstari ujiulize kama hicho kinaweza kuondolewa na barua ya mwajiri, majibu ya maabara, talaka au msiba. Kinachoweza kuondoka, kipigie mstari. Hujaandika uongo, hayo yote ni wewe kweli. Ila ukiyaegemea kwa uzito wako wote, siku yakivunjika nawe unavunjika.

Kwa Wakristo wengi kitakachobaki ni "Mimi ni Mkristo", na mara nyingi neno hilo halibebi kitu. Limekaa kama jibu la kujaza kwenye fomu, mbele ya neno "Dini". Kazi iliyopo ni kulipa maana, na pa kuanzia pazuri ni Waraka kwa Waefeso, sura 6 tu.

Angalia kwanza ulivyopangwa. Sura 3 za mwanzo karibu hazina amri. Iliyo wazi ni ile ya 2:11, nayo inasema "kumbukeni". Kisha sura ya 4 inafungua mlango na amri zinamwagika: vueni uongo, mwizi asiibe tena, jua lisichwe na hasira yenu bado haijatoka, waume wapendeni wake zenu. Paulo amewaambia watu wao ni nani kabla ya kuwaambia wafanye nini. Mafundisho mengi tunayoyasikia huanzia sura ya 4, ndiyo maana mtu hujitahidi miaka mingi akitafuta kustahili jina ambalo tayari amepewa, akachoka, akadhani imani imemshinda.

Kwa siku 7 soma 1:3–14 peke yake, kwa sauti, ukiwa na penseli. Siku ya kwanza na ya pili zungushia duara kila "katika Kristo", "katika yeye", "katika huyo". Siku ya tatu pigia mstari vitendo, na pembeni andika mtendaji wake: ametubariki, alituchagua, akatufanya wanawe, akatujulisha siri ya mapenzi yake. Utaona karibu kazi yote ni ya Mungu. Za upande wetu ni chache: kusikia, kuamini, kutumaini. Siku zilizobaki kaa na maneno mawili ya mwisho wa kifungu, muhuri na arabuni. Muhuri tunaujua: karatasi isiyo na muhuri hairuhusiwi kupita dirisha lolote. Arabuni ni malipo ya awali yanayomfunga mnunuzi kurudi kumalizia, na hapa aliyeitanguliza ni Mungu mwenyewe, kwa kumtoa Roho wake. Kiswahili kina bahati katika neno hili, kwa sababu Paulo kwa Kigiriki aliandika *arrabōn*, neno lenye asili ya Kisemiti kama arabuni yetu iliyopitia Kiarabu. Wewe ndiye mali iliyotangulizwa malipo. Kaa na hilo kabla hujafungua simu asubuhi, hata kwa dakika 10, maana simu nayo ina majibu yake kuhusu wewe ni nani.

Hata kwa Yesu mpangilio ulikuwa huo. Katika Marko 1:11 sauti inamwita Mwana mpendwa kabla hajahubiri wala kuponya mtu. Na katika Mathayo jaribu la kwanza jangwani linaanza hivi: "Ukiwa ndiwe Mwana wa Mungu". Jina ndilo linaloshambuliwa mwanzo, kwa kutakiwa lithibitishwe kwa kazi. Ukijikuta unatafuta kuthibitisha kwa watu kwamba una thamani, tambua unajibu swali lilelile.

Sasa mitego, na mkubwa naona ni huduma yenyewe. Mtu anaacha kujiita meneja, anaanza kujiita mtumishi, kumbe egemeo ni lilelile limebadilishwa nguo. Utalijua siku utakapopumzishwa kwenye kwaya au mwingine achaguliwe mzee wa kanisa. Wale sabini waliotumwa na Yesu katika Luka 10 walirudi wakishangilia mafanikio ya huduma, Yesu akawahamishia furaha yao penginepo: wafurahi kwa sababu majina yao yameandikwa mbinguni. Kipimo cha vitendo ni hiki: kila baada ya miezi kadhaa chukua Jumapili moja uketi kwenye benchi bila jukumu lolote, uone moyo unasemaje.

Mtego wa pili ni kukiri mistari kama dawa. "Kichwa wala si mkia" ya Kumbukumbu 28:13 ni ahadi ya agano kwa Israeli, nayo imefungwa na sharti la kutii katika mstari uleule. "Nayaweza mambo yote" ya Wafilipi 4:13 imeandikwa na mfungwa anayezungumzia kushiba na kuona njaa. Mistari miwili kabla yake anasema amejifunza kuwa radhi. Kuridhika kulikuwa somo hata kwa mtume, basi usijihukumu kwa kukosa hisia wiki ya pili.

Wengine hudhani kuwa wa Kristo ni kufuta kabila, lugha na ukoo. Paulo katika Warumi 11:1 bado ni Mwisraeli wa kabila la Benyamini, na katika Matendo 22 anautumia uraia wake wa Kirumi ili asipigwe mijeledi. Vitu hivyo vinabaki mikononi mwake, havimbebi tena.

Kama huzuni imezidi wiki 2, usingizi na hamu ya chakula vimekwenda, nenda hospitali, na usikubali kuambiwa ni upungufu wa imani. Eliya alipoomba kufa, katika 1 Wafalme 19, alilala, akaamshwa akala mkate na kunywa maji, akalala tena, akala tena. Mazungumzo yalikuja baadaye. Ukifikiria kujidhuru, mwambie mtu leo hii, usingoje kesho.

Na haya yote usiyafanye peke yako. Jina ni la kuitwa, na mtu hawezi kujiita mwenyewe kila siku. Tafuta mtu mmoja au wawili katika jumuiya yenu, watu wasiotembeza siri. Kutaneni mara moja kwa wiki, saa moja inatosha. Nusu ya kwanza someni kifungu kilekile. Nusu ya pili kila mmoja ataje kitu kimoja alichokiegemea wiki hiyo kikayumba, na mwenzake amjibu kwa mstari mmoja wa Waefeso 1, akianza na jina lake. Mkutano wa kwanza, nendeni na zile karatasi za "Mimi ni".