Jibu: Boeheim ana ushindi 1,015 au 1,116?

Habari za leo mkuu. Umekwama kwa sababu ukurasa mmoja unampa Jim Boeheim, aliyekuwa kocha wa kikapu wa Chuo Kikuu cha Syracuse huko Marekani, ushindi 1,015 na mwingine 1,116. Na mimi nilikwama hapohapo nilipokuwa nawaandalia vijana wetu wa kikapu jedwali la makocha.

Kwanza angalia kama ukurasa unafuata hesabu rasmi ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani. Mwaka 2015 NCAA iliifutia Syracuse mechi 101 za ushindi kwa makosa ya uendeshaji wa timu yao. Toa 101 kwenye 1,116, unabaki na 1,015. Mimi huandika 1,015, halafu pembeni naweka 1,116 zilizochezwa uwanjani, maana wachezaji walitoka jasho kweli.

Ubingwa wa vyuo wa 2003 usiuguse, haukufutwa. Huo ndio ningekushauri uuandikie kwa kirefu. Alikuwa ameshapoteza fainali mbili, 1987 kwa Indiana kwa pointi moja, na 1996 kwa Kentucky. Mwaka 2003 waliifunga Kansas 81–78. Tazama sekunde za mwisho: Michael Lee wa Kansas yuko pembeni, anarusha ya pointi tatu ya kusawazisha, Hakim Warrick wa Syracuse anatokea na mkono wake mrefu anaupiga mpira nje. Ulinzi wa Syracuse ulikuwa uleule wa kanda, yaani kila mchezaji analinda eneo lake badala ya kumfuata mtu mmoja, wawili mbele na watatu nyuma, ambao mzee Boeheim aliung'ang'ania miaka na miaka.

Miaka yake ya ukocha mkuu andika 1976 hadi 2023, misimu 47, chuo kilekile alichosoma na kuchezea.