Uzito wa sheria kwenye D&D za zamani na za sasa: nani anaubeba?

Mkuu, umeuliza kama kundi lenu la watu watano hapo Morogoro lianze na Dungeons & Dragons ya zamani (ule mchezo wa mezani ambao kila mmoja anaigiza mhusika wake kwa maneno na dadu, na mmoja, mwendeshaji, anasimulia na kuamua yanayotokea), maana umesikia ilikuwa nyepesi, au mchukue ya sasa ambayo wadau wengine wamesema imejaa sheria. Nimecheza tangu 2005 nikiwa mwanafunzi Uingereza, na nimeendesha meza za aina zote mbili, huko na hapa nyumbani. Niruhusu nijibu kwa urefu, kwa sababu hiyo "zamani" si kitu kimoja.

Mchezo ulitoka 1974 kwenye vijitabu vitatu, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, vikiandikwa kwa watu waliokwisha kuzoea michezo ya vita ya mezani. Baada ya hapo njia iligawanyika. Upande mmoja ikaja AD&D (Advanced D&D), vitabu vitatu vikubwa vilivyotoka kati ya 1977 na 1979. Upande wa pili yakaja maboksi ya wanaoanza, na lile la 1981 alilohariri Tom Moldvay lina kitabu cha kurasa 64 tu. Kampuni ni ileile, na vyote viliuzwa kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mtu akikusifia sheria za zamani, kwanza muulize zipi.

Nichukue tukio moja linalotokea kila meza: wahusika wamekutana na goblini, kiumbe mdogo adui. Mchezaji anasema: "Huyu goblini simuui. Namkaba, tumfunge kamba, atuonyeshe njia."

Mara ya kwanza nilisema hivyo mimi mwenyewe, kwenye meza ya mzee mmoja aliyekuwa akituendeshea AD&D. Alifungua kitabu cha mwendeshaji cha 1979, sehemu ya kupigana bila silaha. Kule kuna utaratibu wake wa peke yake, haufanani na kupiga kwa upanga hata kidogo: dadu za asilimia (1 hadi 100), nyongeza na makato ya kila namna, halafu jedwali la matokeo. Alisoma, akarudi ukurasa wa nyuma, akasoma tena, kisha akafunga kitabu. Akaniambia nitupe dadu ya pande 20, nikipata namba isiyozidi nguvu zangu, yaani alama ya nguvu iliyoandikwa kwenye karatasi ya mhusika wangu, nimemshika. Nilimshika. Wazee wote niliowahi kucheza nao AD&D walikuwa hivyo: kitabu kina sheria mia, mezani zinatumika ishirini. Dakika moja ya vita imegawanywa vipande kumi vya sekunde sita, kila silaha ina nyongeza yake dhidi ya kila aina ya deraya, na sijakaa meza hata moja iliyofuata yote hayo. Lakini angalia jambo hili. Sisi wachezaji hatukuuona huo mzigo. Hata majedwali ya kushambulia yalikuwa kwenye kitabu chake, si chetu. Sisi tulisema tunachotaka kufanya, yeye akahangaika.

Hapo ndipo jibu langu lilipo. Usihesabu sheria. Uliza ni nani anazibeba wakati mchezo unaendelea.

Toleo la tatu la 2000, na marekebisho yake ya 2003 ambayo ndiyo tulicheza zaidi chuoni, lilifanya kazi kubwa ya kusafisha. Karibu kila kitu kikawa dadu ya pande 20, ongeza namba yako, fikia lengo. Namba ya deraya ikageuzwa, kubwa ikawa ndiyo bora. Watu huitaja THAC0 ya toleo la pili, namba unayohitaji kwenye dadu kumpiga adui mwenye deraya 0, kama ushahidi wa ugumu wa zamani, na mimi hilo nalikataa: ni kutoa tu. THAC0 yako 18, deraya ya adui 5, unahitaji 13. Kilichochosha ni kukumbuka kwamba ngao nzuri inapunguza namba badala ya kuiongeza, na kugeuza hilo kulikuwa jambo jema bila ubishi.

Sasa mkabe goblini kwa sheria za 2003. Ukimsogelea kumshika, kwanza yeye anapata pigo la bure kwako, na likikuumiza, jaribio lako limekufa. Likikosa, unatupa dadu kuona kama umemgusa. Ukimgusa, mnatupa dadu kushindana, na ukubwa wa mwili unahesabiwa. Kisha kumlaza chini ni mashindano mengine. Tulikuwa na karatasi ya hatua hizi imebandikwa ukutani. Ilichosha, ndiyo, lakini nitaitetea kwa jambo moja: mchezaji alijua nafasi yake kabla hajathubutu. Hakumtegemea mwendeshaji awe ameamka vizuri. Kwa mtu aliyetoka kwenye meza ya mwendeshaji mwenye upendeleo, na nimewahi kukaa meza hiyo, hiyo ni haki, na haki ina gharama yake kwa kurasa.

Toleo la tano la 2014 likapunguza tena. Kumkaba goblini ni shindano moja la dadu, kwisha. Badala ya orodha ndefu za nyongeza, ukiwa na faida unatupa dadu mbili unachukua kubwa, ukiwa na kikwazo unachukua ndogo. Mtu wa kawaida analielewa kwa mara moja. Kwa hiyo wanaosema toleo hili ni jepesi hawakosei.

Ila uzito ulihamia kwenye karatasi ya mchezaji. Mwaka 2018 Dar niliendesha meza ya watu sita. Dada mmoja alikuwa na mchawi wa levo ya 5, akili 18. Ana uchawi mdogo wa aina 4 asiowekewa kikomo, uchawi mwingine 9 aliouandaa, na nafasi 9 za kuutumia zilizogawanywa madaraja matatu. Juu yake kuna tendo, tendo la nyongeza, mwendo, na itikio wakati wa zamu za wengine. Zamu yake ikifika alikuwa anashusha kidole mstari kwa mstari, anarudi juu, anauliza "nikitumia hii, ile nyingine bado inakaa?" Wenzake wanafungua simu. Na huyu dada ni mhasibu, hesabu si tatizo lake. Mchawi wa levo hiyohiyo kwenye sheria za 1981 ana uchawi 5 kwa siku nzima, basi.

Desemba 2021 nilikwenda Tanga kwa dada yangu, nikawaendeshea wapwa zangu watatu Old-School Essentials ya Gavin Norman, ambayo ni sheria zilezile za 1981 zimepangwa upya vizuri sana. Mkubwa alikuwa darasa la saba. Wahusika walikamilika kabla ya chai kuchemka. Mwenge hudumu zamu sita za dakika kumi, kwa hiyo niliweka njiti sita za kiberiti mezani, na kila zamu ikipita mmoja wao anavunja moja. Kila baada ya zamu mbili natupa dadu, ikija 1 kuna kitu kinakuja. Zilipobaki njiti mbili, yule wa kati akaniuliza: "Mjomba, tukizima mwenge sasa hivi, njiti zinabaki?" Nikamwambia zinabaki, lakini kuuwasha tena kila jaribio ni 1 au 2 kwenye dadu ya pande sita. Walinong'ona muda mrefu. Wakauzima, wakajibanza ukutani gizani, na goblini alipopita wakamkaba. Nilifanya kama yule mzee: tupa dadu, isizidi nguvu zako. Swali la mtoto kuhusu njiti lilitoka kwenye sheria, na halikuwa gumu kwa yeyote pale.

Lakini usidhani hapo hakuna mzigo. Niliubeba mimi. Siku mbili zile niliamua mambo kama arobaini ambayo kitabu hakisemi, na mwendeshaji mgeni angeweza kukwama.

Kwa hiyo kwenu, mkuu: umesema hakuna aliyewahi kuendesha, na wote mnapenda kusoma. Basi anzeni na toleo la tano, gawaneni mzigo, kila mtu ajue karatasi yake. Msinunue kitu kwanza, kanuni za msingi zipo bure mtandaoni. Bakini levo ya 1 hadi ya 3 kwa miezi kadhaa, na mchawi apewe mtu mwenye subira. Ila kama yule kaka yako uliyemtaja, anayesimulia hadithi hadi watu wanasahau kula, atakubali kukaa kiti cha mwendeshaji, badilisheni, chukueni ya 1981. Nayo ina toleo fupi la bure. Niandikie hapahapa nikuwekee karatasi za wahusika nilizowatafsiria wapwa zangu kwa Kiswahili. Ziko saba, moja kwa kila aina ya mhusika, na kila moja ni upande mmoja tu.