Barua kwa mwanangu: Hermann na timu tano zilizoshuka

Mwanangu Kassim,

Huku hatujambo. Goti la baba yako limetulia, sasa kinachomsumbua ni mdomo tu. Swali lako nililisoma, naye akasomewa kwa sauti, kwa hiyo nyumba nzima inajua: hii ni timu ya pili kushuka daraja ukiwa namba tatu wao, beki wa kushoto, washabiki wanakuita gundu, na unauliza uvunje mkataba dirisha hili la usajili au ubaki ushuke nao. Yeye kajibu palepale, "Aondoke!" Mimi sijafika huko. Nataka kwanza tulifumue hilo neno gundu, maana ukiondoka nalo utafika nalo.

Alikuwepo beki mmoja wa Iceland, Hermann Hreiðarsson. Hiyo ð isikutishe, ni dh yetu ya dhahabu. Wala Hreiðarsson si jina la ukoo. Ni sawa na kusema Hermann bin Hreiðar, ndiyo maana kwao wanamwita Hermann basi. Kazaliwa 1974, na klabu iliyomtoa ni ÍBV ya visiwa vya Vestmannaeyjar, kusini mwa Iceland. Januari 1973 volkano ilipasuka pale, watu wakahamishwa usiku uleule kwa mashua za uvuvi, kisha waliobaki wakawa wanaumwagia uji wa moto maji ya bahari kwa pampu, mwezi baada ya mwezi, usije ukaziba mdomo wa bandari. Haukuziba. Mtoto aliyekulia kwenye klabu ya watu wa namba hiyo hawezi kuogopa winga.

Alikuwa wa mguu wa kushoto, anacheza tatu, anacheza tano, yaani beki wa kati. Alikwenda Uingereza 1997, na hesabu ya Ligi Kuu yao ikawa hivi: Crystal Palace ikashuka 1998, Wimbledon 2000, Ipswich 2002, Charlton 2007, Portsmouth 2010. Timu tano tofauti. Nathan Blake, mshambuliaji wa Wales, naye ameshuka mara tano, lakini mara mbili kati ya hizo alikuwa na timu ileile ya Bolton. Zako wewe ni mbili tu, tena si Ligi Kuu.

Sasa tazama upande wa pili wa daftari. Palace iliposhuka, Brentford walimnunua kwa pauni 750,000, akaenda kucheza daraja la nne. La nne, Kassim, miezi michache tu baada ya kucheza Ligi Kuu. Akachukua nao ubingwa wa daraja hilo 1999, na Oktoba mwaka huohuo Wimbledon wakamrudisha juu kwa pauni milioni 2.5. Wimbledon ikashuka, Ipswich wakatoa kama milioni 4. Yaani mpaka hapo, timu mbili zilikuwa zimezama naye na bei yake bado inapanda. Wenye fedha zao hawanunui gundu kwa bei inayopanda.

Najua baba yako atadakia hapo: "Si unaona, alihama!" Ndiyo, alihama. Sijasema hakuhama.

Ninachosema, na nimekisema tangu kaka yako anacheza, ni kwamba timu hushuka ofisini kwanza, uwanjani inafuata tu. Wimbledon haikuwa hata na uwanja wake. Tangu 1991 ilikuwa mpangaji wa Crystal Palace. Kocha wao, Egil Olsen wa Norway, walimfukuza msimu ukiwa ukingoni. Halafu ikaja Jumapili ya 14 Mei 2000, ambayo mpaka leo nikiikumbuka chai hainishuki. Asubuhi ile wao na Bradford walikuwa sawa kwa pointi, 33 kwa 33, Wimbledon juu kwa tofauti ya mabao. Bradford walikuwa wanacheza na Liverpool, na Liverpool wenyewe walihitaji ushindi. Nani angeiwekea Bradford hata shilingi? Lakini David Wetherall, beki mwenzenu, akafunga kwa kichwa mapema, na Bradford wakailinda ile moja mpaka filimbi. Huko Southampton, Wimbledon wakafungwa 2–0. Miaka 14 ya daraja la juu ikaishia hapo, na tarehe ileile, miaka 12 nyuma yake, walikuwa wamechukua Kombe la FA mbele ya Liverpool haohao. Mara hii ni wao waliohitaji Liverpool ishinde, na Liverpool ikawaangusha kwa kufungwa.

Nimetoka nje ya mada. Turudi.

Ipswich ni hadithi ya kinyume. Msimu wake wa kwanza pale timu ilikuwa imetoka kupanda, wakamaliza wa tano. Msimu uliofuata wakaingia Ulaya, wakaifunga Inter Milan 1–0 nyumbani, wakaenda Milan wakala 4–1, na Mei 2002 siku ya mwisho wakafungwa 5–0 na Liverpool wakashuka. Beki yuleyule, kocha yuleyule, mwaka mmoja kati ya nafasi ya tano na shimo. Ukimwita gundu kwa 2002, mwite nyota ya jaha kwa 2001, usichague. Mapema 2003 klabu ikawa chini ya wasimamizi wa madeni, ikamuuza Charlton kwa bei ya kutupa.

Charlton alikaa miaka minne, wakamaliza wa saba 2004. Kocha Alan Curbishley alipoondoka 2006 baada ya miaka 15, msimu uliofuata walipita makocha watatu. Ukuta hauwezi kujifunza sauti tatu kwa msimu mmoja: mmoja anasema vuta mstari juu muoteshe, wa pili anasema rudini mkae kwenye boksi, wa tatu anabadilisha namba nne. Wakashuka. Ofisini kwanza, mwanangu.

Portsmouth ndipo ninapopapenda. Septemba 2007 walicheza na Reading ikaisha 7–4. Mabao 11, hakuna mechi ya Ligi Kuu yao yenye mengi zaidi. Benjani wa Zimbabwe alifunga matatu, na Hermann akafunga lile la 3–2 lililorudisha uongozi baada ya Reading kusawazisha. Ukuta ulioruhusu manne ndio uliofunga! Baba yako alicheka mpaka akakohoa.

Lakini watu haohao, msimu huohuo, walicheza mechi sita za Kombe la FA wakafungwa bao moja tu. Ipswich 1–0, Plymouth 2–1, Preston 1–0, Manchester United 1–0 kwao Old Trafford kwa penalti ya Muntari, West Bromwich 1–0, na fainali na Cardiff 17 Mei 2008, 1–0. Kipa wa Cardiff alitema krosi ya Utaka, Kanu akamalizia, dakika ya 37. Kilichobaki ni dakika 53 za mabeki. James golini, Johnson kulia, Campbell na Distin kati, Hermann kushoto. Pompey, ndio hao Portsmouth, hawakuwa wamelishika kombe hilo tangu 1939.

Nataka uangalie mechi ile bila kufuata mpira. Mfuate yeye. Mpira ukiwa upande wa pili, namba tatu hana biashara kwenye chaki ya pembeni. Ingia ndani mpaka usawa wa nguzo ya mbali, hatua saba au nane kutoka kwa namba tano wako, mwili umeugeuza nusu ili ukipindua shingo kidogo uuone mpira na winga aliyeko mgongoni. Beki anayetazama mpira peke yake hufungwa na mtu ambaye hakumwona akija. Krosi ikija, kutana nayo ukiwa unasogea, si umesimama. Aliyesimama huruka chini ya aliyekimbia. Na kichwa cha kuokoa kina masharti matatu: juu, mbali, pembeni. Ukikosa mawili, bakiza pembeni. Bao la pili mlilofungwa Jumamosi (kaka yako alinionyesha kwenye simu) uliokoa vizuri, juu na mbali, lakini katikati, usawa wa duara la boksi, kwenye kifua cha namba nane wao.

Jambo jingine. Distin naye alikuwa wa kushoto. Tano wa mguu wa kushoto ni zawadi kwa namba tatu, maana ukipanda yeye anafunika nafasi yako bila kujigeuza, na mpira ukimrudia anautoa kwa mguu wa nje. Wewe tano wako ni wa kulia. Kila ukipanda unaacha mlango ambao yeye anaufunga kwa mguu usio wake. Je, hilo ni kosa lako? Kidogo. Panda mara moja katika tatu, na upande pale tu ambapo namba sita wenu, kiungo wa chini, ameshageuka kukutazama.

Mwisho wake pale Portsmouth ulikuwa mchungu. Fedha ziliisha, mishahara ikachelewa, Februari 2010 wakawa klabu ya kwanza ya Ligi Kuu yao kukabidhiwa kwa wasimamizi wa madeni, wakakatwa pointi 9. Machi, kwenye mechi na Tottenham, kano ya kisigino ya Hermann ikakatika, naye ana miaka 35. Fainali ya FA ya Mei, waliyofungwa 1–0 na Chelsea, hakucheza.

Hapa niwe mkweli, kwa sababu usiku hoja yangu mwenyewe hunigeukia. Nasema ofisini kwanza. Lakini Portsmouth walimaliza na pointi 19. Rudisha zile 9 zinakuwa 28, na Hull na Burnley waliokuwa juu yao walikuwa na 30 kila mmoja. Wangeshika mkia vilevile. Kwa hiyo si karatasi peke yake, kuna na miguu. Ingawa miguu isiyolipwa… Unaona, najijibu mwenyewe. Palace 1998 nayo haikushinda nyumbani mpaka Aprili, hiyo nayo nimlaumu nani, mhasibu?

Ila kuna hili moja ambalo baba yako hajapata la kulijibu. Hermann alipokuwa kocha-mchezaji wa ÍBV 2013, aliyekwenda kudaka visiwani ni David James, kipa wa ule ukuta wa 2008. James alipoifundisha Kerala Blasters ya India 2018, msaidizi wake alikuwa Hermann. Sol Campbell alipopewa Southend 2019, akamwita Hermann. Waliosimama naye mstari mmoja ndio waliomtaka tena. (Ndiyo, Southend nayo ilishuka. Usimwambie baba yako. Coventry 2012 pia, lakini hiyo haikuwa Ligi Kuu na alikuwa amefika Januari tu.) Kwa Iceland alicheza mechi 89, mabao 5. Euro 2016 iliwakuta wenzake, yeye ameshastaafu.

Kwa hiyo, kuondoka au kubaki? Ulimi unaniwasha, lakini sikwambii. Hermann kila mara aliondoka, hilo siwezi kukuficha; nawe ukumbuke kwamba Brentford alikwenda kwa kushuka, hakusubiri mtu wa juu amwite. Ningekuwa mimi… hapana. Kabla ya kusaini popote, muulize namba tano wako na kipa wako kama wangekutaka kwenye timu yao ijayo. Waulize kila mmoja peke yake, wasisikiane. Majibu yao niandikie kama yalivyo, usiyapambe.

Na unitumie mechi ya Jumamosi nzima, si mabao tu. Nataka kukuona zile dakika ambazo mpira uko upande wa pili.

Baba yako anakusalimu. Anasema uondoke.

Mama yako