Maswali yenu ya mbwa: greihaundi wa jirani, mbwa wa sokoni, na mnyororo

Barua za "mbwa mkali anapatikana wapi" nimeziweka kando tena. Leo nawajibu wanaotaka kumpokea mbwa mzima aliyepitia mikono mingine, jambo ninalotamani lizoeleke huku kwetu Nyanda za Juu Kusini.

Shikamoo mzee. Jirani yetu mgeni anarudi kwao Uingereza na anataka kutuachia greihaundi wa miaka 6, aliyeokolewa baada ya kuachishwa mashindano ya mbio. Tuna watoto wawili na kuku 12. Tumchukue? (Mama, Gangilonga, Iringa)

Marahaba mama. Mchukueni, ila msisubiri siku ya safari. Mwombe jirani awe anamleta kwenu jioni kwa jioni, mbwa awazoee akiwa bado na mtu wake.

Jueni anakotoka. Uingereza mbio za mbwa kukimbiza sungura wa bandia zilianza Manchester mwaka 1926, na mpaka leo zipo. Mbwa hulelewa kwenye mabanda ya mazoezi, na wengi huachishwa hata miaka 5 hawajatimiza, ilhali greihaundi huweza kuishi miaka 10 hadi 14. Miaka yote hiyo iliyobaki inahitaji nyumba. Jimbo la Florida, Marekani, wananchi walipiga kura mwaka 2018 kuzikomesha mbio hizo, na 2020 ilipoisha nazo zikaisha. Walifanya vema kabisa.

Sasa kuku. Huyu alizaliwa kukimbiza kitu kidogo kinachokimbia, kisha akafundishwa hivyo hivyo. Kuku akikurupuka, mbwa anaweza kutoka kwa kasi ya zaidi ya kilomita 60 kwa saa, na neno "acha" litamkuta kazi imekwisha. Kuku wakae kwenye banda la wavu kila mbwa anapokuwa uani. Nje ya geti ni kamba, maisha yake yote, hata akiwa mpole namna gani. Shingo ya greihaundi ni nene kama kichwa chake, kwa hiyo mkanda wa kawaida huchomoka. Mwombe jirani akuachie ule mpana unaojibana kidogo mbwa anapovuta.

Tazama na uzio wako. Michongoma na seng'enge huichana ngozi yake, maana ni nyembamba sana.

Watoto ndio jambo kubwa kuliko kuku. Mbwa wa bandani hakuzoea kuguswa akiwa usingizini, na wengine hushtuka na kung'ata kabla hawajaamka sawasawa. Usimwamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe: wafundishe watoto wamwite jina kwanza, wamsogelee akishainua kichwa. Godoro lake liwe pembeni, si kwenye njia ya kwenda jikoni. Na watoto wadogo wasiachwe naye peke yao, hata dakika ya kuchota maji.

Juni hadi Agosti, baridi ya Iringa mnaijua. Greihaundi ana mafuta kidogo sana mwilini na manyoya yake ni mafupi, basi alale ndani, juu ya sponji nene, na sweta la mtumba lililokatwa mikono. Mwisho, chukua kadi yake ya chanjo, na kabla ya nusukaputi yoyote mkumbushe daktari wa mifugo kwamba huyu ni greihaundi. Dawa za jamii ya thiopentoni huchelewa kumtoka mwilini kuliko mbwa wengine, na zinaweza kumuua.

Mbwa wa aina hiyo anafaa kulinda duka? (Mafinga)

Hapana. Atalala.

Kuna mbwa wa kienyeji hapa Mwanjelwa ananifuata kila jioni nikifunga kibanda. Mke wangu anasema ana magonjwa. Nimchukue? (Mbeya)

Mkeo ana haki ya kuogopa, kaka, na wewe una haki ya kumhurumia. Muulizie kwanza, asije akawa wa mtu. Halafu mtazame kwa siku kadhaa bila kumshika: anakula vizuri, anakunywa, hatokwi mate ovyo, hajabadilika tabia. Akiwa hivyo, mwite daktari wa mifugo amchanje kichaa cha mbwa kabla hajavuka mlango wenu, ampe dawa ya minyoo na ya kupe. Chanjo hiyo hurudiwa kila mwaka. Mtenge na mbwa wengine wiki 2. Kama ni jike mfunge kizazi, kama ni dume mhasi, maana watoto wa mbwa wanaotupwa kwenye viroba kando ya barabara walizaliwa na mbwa wa watu wenye nyumba.

Mbwa mzima wa mtaani hujifunza upesi. Ameshaujua moto, ameshalijua gari, na anajua nani anayemlisha.

Jirani kamfunga mbwa mnyororo mchana kutwa ili awe mkali. Ni sawa? (Makambako)

Si sawa, na nimeshaandika hivyo mara nyingi mno. Mbwa wa mnyororo hajui mwizi wala mgeni. Anajua hofu tu, na siku mnyororo ukikatika atamrarua wa kwanza kumkuta, ambaye kwa kawaida ni mtoto wa jirani. Tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008. Zungumza naye kwa heshima kwanza. Akikataa, nenda kwa ofisa mifugo wa kata.

Mahindi yaliyoota ukungu tunasaga tunampa mbwa. Yanamdhuru? (Vwawa)

Yanamuua. Sumukuvu huharibu ini, na kuipika hakuiondoi. Mbwa wangu mmoja alikufa kwa uji wa mahindi ya namna hiyo: aliacha kula, macho yakawa ya njano, na nikachelewa kuelewa. Sijayasahau macho yale. Mbwa mpe ugali wa mahindi yasiyo na ukungu na dagaa waliooshwa mchanga. Mifupa ya kuku iliyopikwa msimpe, na vitunguu msimpe.

Mbwa asiyejulikana kamng'ata mwanangu jana. Tumempaka mafuta ya taa, kidonda kidogo tu. Tusubiri? (Tukuyu)

Msisubiri! Nimekutumia ujumbe tayari, narudia hapa kwa ajili ya wengine. Osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15. Mafuta ya taa hayaui kichaa, wala pilipili, wala majani ya bibi. Dalili zikishaanza hospitali haina cha kumponya nacho; chanjo huokoa kabla ya hapo, hata kama kidonda ni mchubuko. Mpeleke leo hii, na usirudi nyumbani kabla hajachomwa sindano ya kwanza na kuandikiwa tarehe za zinazofuata.